Kola Iliyochanika Mara Tatu

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Goti la mama limetulia, ila mdomo wake haujatulia. Cherehani yangu bado inakoroma, nami nashona sare za shule kama kawaida.

Kuna binti wa darasa la tano ameniletea shati lake mara tatu mwezi huu. Kola imechanika palepale, nyuma ya shingo. Kila mara anasema ilinasa kwenye msumari. Jana akaninong'oneza, "Fundi, nishonee kwa uzi wa viatu, wasiweze kuichana tena."

Msumari hauchani hivyo, na wewe unajua. Ule ni mkono wa mtu. Tangu siku ile bombani, wenzangu walipokuburuta kwa kola wakaniuliza, "Huyu si mdogo wako?" nami nikajibu, "Simjui," sijawahi kushona kola bila kuyaona macho yako yakinitazama. Hukulia. Hukumwambia mama. Nami sijathubutu kukuomba radhi, ndiyo maana barua zangu zote zimejaa habari za goti.

Leo asubuhi nilifunga duka, nikamshika yule binti mkono, tukaingia ofisini kwa mwalimu mkuu. Nikalitandaza shati mezani, nikamwonyesha kila mshono niliorudia. Alilitazama, kisha akaniuliza, "Mama, huyu mtoto ni nani wako?"

Lilikuwa swali lilelile la bombani. Nikamjibu, "Ni mdogo wangu."

Ni mimi,
dada yako.