Meya Niliyemtuma Mlango wa Nyuma

Jumanne, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud

Hata kuandika kunaniuma. Leo nimemtuma meya mlango wa nyuma.

Asubuhi supavaiza alitwambia sisi walinzi kwamba meya kutoka Norwei anafikia hapa hotelini. Basi nikasubiri msafara. Kwetu Kenya hata MCA, diwani tu wa kaunti, hatembei peke yake. Akatokea mama mmoja kwa miguu kutoka stesheni ya treni ya metro, viatu vimejaa vumbi, anaburuta begi lake. Nikajua huyu ni wa usafi, ameanza kazi leo.

"Mama, wafanyakazi wanapitia kule nyuma."

Akasema asante, akaenda! Wa jikoni ndio waliomrudisha.

Nilipomwomba msamaha alicheka tu. Afadhali angenigombeza. Akaanza kunisimulia habari za kwao, kana kwamba mimi ndiye mgeni. Nilidhani manispaa lazima iwe mji, kumbe yao ni bonde lililobanwa kati ya milima na bahari, kondoo wengi kuliko watu. Zamani zilikuwa manispaa mbili. Zilipounganishwa watu waligombania jina, na wengine wamenuna mpaka leo. Madiwani wenzake ndio waliomchagua. Kikao kikiisha, anarudi kulisha kondoo wake.

Nami nimesimama pale na yunifomu yangu, sijui niangalie wapi.

Halafu akaniuliza, kwa upole kabisa, mimi mwenyewe huingilia mlango gani.

Nikanyoosha kidole kule kule nilikomtuma.