Cucu Waithira, Njahi Zako Zimerudi Nyumbani

Umetimia mwaka, Cucu, tangu asubuhi ile ya Machi 1987 ulipoketi kwenye kigoda chako kumkamua Kairu na usiinuke tena. Ng'ombe alisimama pale pale, hakupiga ndoo teke wala hakusogea, mpaka Njambi, mke wa Mburu wako, alipokuja kuuliza mbona leo maziwa ya chai yamechelewa. Maziwa yalikuwa bado na povu.

Cucu ni nyanya kwa lugha yetu ya Kikuyu, lakini wewe ulikuwa Cucu wa kijiji kizima cha Chepsaita. Mpaka wazee wenye mvi kukuzidi walikuita hivyo barazani, nawe uliwaitikia bila kuona haya.

Kazi ulikuwa huna mchezo nayo. Ulipokuja huku na Mzee Gichuru, mumeo, kutoka Murang'a, wengine kwenye lori walikuwa wamebeba vitanda na makabati, wewe ulikuwa umebeba njahi, yale maharagwe yetu meusi, mbegu ya mama yako, umezifunga kwenye ncha ya leso. Mzee alipotutoka mapema, ulishika jembe kwa mikono miwili na kutulea kwa mahindi na maziwa. Hatukukusikia ukisema umechoka. Tulisikia tu ukisema sisi ndio wavivu.

Na ulimi wako, Cucu! Wajukuu walipokuletea maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ambayo serikali hugawa shuleni, uliyanusa ukauliza, "Haya ni ya ng'ombe gani? Mbona hana jina?" Kisha ukayanywa yote na kuuliza kama kesho wanapewa tena.

Ulipenda kulisha watu ukajisahau. Ulipakua, ukagawa, ukafuta sufuria, na sahani yako haikuonekana. Ndiyo maana Mburu, kitinda mimba wako, kila jioni akitoka shambani alisimama mlangoni na kuuliza kabla hata ya kuvua viatu vyake vya gumbuti, "Mama amekula?" Mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Basi alikukalisha chini kama mtoto mpaka umalize.

Lakini hasa tunakukumbuka kwa njahi. Mama yeyote akijifungua, awe wetu, awe jirani Mkalenjin, awe kibarua kutoka Bungoma, ulifika na sufuria ya njahi ulizozipondaponda na ndizi, nyeusi na laini, ili apate nguvu na maziwa yashuke. Hukuuliza kabila wala kanisa. Chakula uligawa bila hesabu, ila mbegu hatukukuona ukimpa mtu. Mbegu ilikaa kwenye kibuyu juu ya meko, imechanganywa na jivu isiliwe na wadudu, na mvua ya kwanza ikinyesha ulitoka peke yako kuipanda kando ya ua.

Sasa tukueleze jambo ambalo Njambi alitaka ulijue. Alikuwa ameolewa kwetu baada ya mvua ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo hakuwahi kukuona ukipanda. Alichoona ni wewe ukishusha kibuyu, ukichota njahi, ukimpikia mama fulani aliyejifungua. Kwake kibuyu kile kilikuwa chakula. Siku ya kukuzika watu walifurika, akina mama wa kanisa wakaishiwa na maharagwe, wakamwita: "Njambi! Hakuna kitu kingine huko ndani tuongezee?" Naye, macho yamevimba kwa kulia, akashusha kibuyu, akapeta jivu, akazimimina zote kwenye sufuria.

Chakula kilisifiwa mno. Mchungaji alirudia sahani. Cucu, ulilisha watu mpaka kwenye mazishi yako mwenyewe.

Mvua iliponyesha, binti yako Muthoni alikuja na jembe kukupandia njahi. Alinyoosha mkono juu ya meko, akashusha kibuyu, akakitikisa. Kilikuwa kitupu.

"Njambi, mbegu iko wapi?"

"Mbegu gani, dada?"

Muthoni akamweleza. Njambi aliketi pale pale jikoni na kushika kichwa. Mbegu iliyotoka kwa mama wa mama mkwe wake, ikasafiri kwa leso, ikaliwa na watu wa Chepsaita nzima, yeye ameimaliza kwa mchana mmoja. Hakuna aliyemgombeza. Kabiru, kaka mkubwa, alijaribu hata kumchekesha kwamba ungekuwepo ungeuliza tu kama zilitosha. Haikusaidia.

Njambi alizunguka kwa majirani akitafuta. Alianzia kwa Jeruto, ambaye ulimlisha njahi katika uzazi wa watoto wake wote.

"Sisi tulikuwa tunakula tu," Jeruto akamwambia kwa huzuni. "Nani angepanda, na Mama Kabiru yuko?"

Kila boma jibu lilikuwa hilo hilo. Njahi za sokoni zipo Eldoret, tena nyingi, na Muthoni alinunua akapanda kando ya ua. Njambi hakuzitazama. Muda si muda akagundua ni mjamzito, na badala ya kufurahi akazidi kujilaumu. Unajua desturi yetu: msichana wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako, akawa wewe. Kabiru alijaliwa wavulana watupu, na ulizoea kulalamika kwamba nyumba hii inazaa askari tu, utakufa bila kuitwa. Sasa Njambi aliogopa. Alimwambia Mburu, "Nikizaa msichana, nitamwita jina la mama yako na mdomo gani? Mimi ndiye nilipika mbegu yake."

Mburu alimwambia aache maneno hayo. Maneno hayakumwacha.

Januari hii alijifungua katika hospitali ya mjini. Msichana, Cucu. Mwenye paji la uso pana kama lako, na kelele kama zako. Muthoni alipeleka njahi za sokoni, amezipika vizuri kabisa, lakini Njambi alionja kijiko kimoja akageukia ukutani. Mtoto alikuwa akinyonya na kulia. Maziwa yalikuwa haba, na jina lilikuwa bado halijatamkwa.

Hapo ndipo alipoingia Nasambu, na sufuria imefungwa kwa leso. Unamkumbuka Nasambu: yule msichana wa Bungoma aliyekuwa kibarua wa kupalilia, akajifungulia kwenye kibanda cha mabati, ukamlisha mpaka akasimama. Baadaye mumewe Kituyi alipata kazi mjini Eldoret wakahamia mtaa wa Langas. Alikuwa amesikia kwa watu wa soko kwamba Mburu amepata mtoto.

"Kula, mama," akasema, akamfunulia sufuria. "Usiniangushe, nimeamka mapema."

Njambi alikula kijiko cha kwanza, cha pili, kisha akaacha kutafuna. Machozi yakaanza kumtoka.

"Aii! Chumvi imezidi?" Nasambu akashtuka.

"Umetoa wapi hizi njahi?"

"Si ni za Cucu! Siku tunahamia Langas alinipa mbegu za kujaa mkono mmoja. Akaniambia, 'Huko mjini sitaweza kukubebea sufuria. Panda, ujipikie, na upikie wengine.' Nimezipanda kwa ua kila mwaka. Hata mwenye ploti analalamika ati zinaangusha waya zake."

Cucu, uligawa mbegu bila kutuambia! Njambi alicheka na kulia kwa wakati mmoja, mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Kisha akala sufuria yote, hakumwachia hata Mburu, na siku zile zile maziwa yakashuka. Alipomuinua mtoto kumwonyesha Nasambu alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka kitanda cha mwisho, "Huyu ni Waithira."

Wiki iliyopita Nasambu alikuja Chepsaita na mfuko wa mbegu. Njambi amezichanganya na jivu jinsi Muthoni alivyomfunza, na kibuyu kinaning'inia tena juu ya meko. Lakini safari hii hakuzifungia zote. Alimbeba mtoto mgongoni akapita boma kwa boma akigawa, mkono mmoja kwa Jeruto, mkono mmoja kwa Muthoni, na kwa kila mama aliyewahi kula kwako. Wote wanangoja mvua.

Kuna jambo moja zaidi. Kwetu mtoto aliyepewa jina la mama wa babake ni mama kwa babake, na Mburu hamwiti bintiye vinginevyo. Ulipoondoka, jioni za nyumba hii zilikuwa kimya. Mburu alifika mlangoni, akafungua kinywa, akakumbuka, akavua gumbuti. Tuliumia sana kumwona hivyo. Siku Njambi aliporudi kutoka hospitali, Mburu alitoka shambani akasimama pale pale mlangoni.

"Mama amekula?"

"Amekula," Njambi akajibu, mtoto kifuani. "Tena ameshiba."

Wanaokukumbuka kwa upendo ni wanao Kabiru, Muthoni na Mburu. Wake za wanao, na Njambi wa njahi miongoni mwao. Wajukuu wako wote, wale askari. Jeruto na majirani wa Chepsaita. Nasambu na Kituyi wa Langas. Na Waithira mdogo, ambaye bado hakujui lakini anaitikia jina lako.

Hatutakusahau, Cucu. Keti sasa, upumzike. Zamu yetu kupakua.