Tumbili na Kizimba cha Ndege wa Bibi

Jumapili, 3 Agosti

Nimejaza mtama asubuhi kama kawaida. Chupa ya plastiki, vijiko viwili vya mbao vimepenya ubavuni, inaning'inia kwenye waya wa kuanikia nguo mbele ya dirisha la Bibi. Jurawa wamekuja kabla sijafika mlangoni. Kisha minana, wale wasuka viota. Majira haya ya baridi minana hawana rangi ya njano. Wote kahawia. Huwezi kumjua dume wala jike hata ukiwa na kitabu mkononi.

Bibi amewatazama hadi uji ukapoa. Tangu apate kiharusi na Baba amlete kutoka Tanga hadi huku ugenini, hatazami kitu kingine. Televisheni anaigeuzia kisogo. Maneno yamebaki machache, na siku nyingine hakuna hata moja. Ila ndege anawafuata kwa macho. Ndiyo maana najaza.

Jumatano, 6 Agosti

Chupa iko chini, imetafunwa. Mtama umekwisha. Nilidhani ni paka, lakini Mama amemwona. Tumbili. Dume, peke yake. Alikaa juu ya ukuta akila mtama kutoka kiganjani, kama mtu aliyekwenda na karanga zake mpirani.

Nimesoma habari zao. Tumbili dume akikua huacha kundi alimozaliwa, huenda kutafuta jingine. Anaweza kukatiza hata katikati ya mji. Huyu labda ameshuka kutoka kilima cha Brixton, kile kinachoonekana kutoka hapa. Namwonea huruma.

Lakini leo hapakuwa na ndege. Bibi ameugeukia ukuta mchana kutwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Jaribio la pili lilikuwa kopo la bati. Kifuniko nilikifunga kwa waya, nikauzungusha mara nyingi. Nimerudi shule nimekuta waya umefunguliwa, umelazwa juu ya ukuta. Hakuukata. Aliuzungusha kinyume. Nimeona aibu kama niliyefeli mtihani.

Kuna baya zaidi. Kutoka kwetu amekwenda kwa Haji Nuur. Haji ndiye mwenye nyumba. Duka lake liko mbele, sisi tumepanga vyumba vya nyuma. Tumbili ameingia dukani watu wakiwa kwenye sala ya Ijumaa. Amechukua mkate na ndizi, ameangusha trei ya mayai.

Haji amekuja mlangoni kwetu jioni. Ni Msomali aliyekulia Nairobi, anaongea haraka.

"Hiyo chakula ya ndege ndiyo inamwita. Toeni. Ama nitaweka sumu, sitaki lawama."

Mama akasema, "Tumesikia, Haji." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

Sumu hiyo naijua. Zile punje nyeusi za panya zinazouzwa barabarani mjini, karibu na stendi za teksi. Ataziweka ndani ya mkate. Atakufa tumbili, na jurawa watakaodonoa makombo, na paka atakayewala jurawa. Yote mbele ya dirisha la Bibi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimekwenda dukani kumwomba Haji asubiri. Nimenunua mkate, nikarudi. Nimekwenda tena. Nimenunua mkate. Mama ameuliza kama tunafungua hoteli.

Mara iliyofuata Haji mwenyewe ameanza. "Leo mko na wageni?"

Nikasema hapana. Kisha nikasema habari za Bibi, zote, kwa kasi, macho kwenye mizani. Kwamba nitajenga kitu ambacho tumbili hatakiweza. Kwamba akikosa chakula hapa atakwenda zake.

Haji aliurudisha mkate rafuni. "Kumbe una sauti. Nilidhani wewe ni bubu." Kisha akasema, "Sawa. Jenga. Lakini akiingia hapa tena, mambo imekwisha."

Safari hii nimerudi bila mkate.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia Baba. Baba ni fundi wa grili za madirisha, karakana yake iko Doornfontein, na madirisha mengi ya mtaa huu ameyafunga yeye. Amecheka. "Profesa, tumbili? Mimi nazuia watu wanaokuja na mtaimbo."

Nilikuwa nimechora mchoro wenye vipimo. Ameutazama kwa adabu, akaukunja. Amesema grili ina kanuni moja: kichwa kisipopita, mwili haupiti. Mengine ni mapambo.

Nimemwamini. Nikaiandika kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari la sayansi.

Alhamisi, 14 Agosti

Kizimba cha kuwekea mtama kimefika, kimebebwa kwenye pikapu ya rafiki yake Baba. Nondo za mraba, mlango wenye kufuli, na maua ya chuma kila pembe kama geti la tajiri. Mguu wake ni bomba nene. Tumechimba shimo, tukamwaga zege. Baba amening'inia juu yake kwa uzito wake wote. Haukutikisika.

Nimesoma kwamba kuna nchi za baridi ambako watu hujenga vitu kama hivi ili kuwazuia dubu. Cha Baba, dubu angekiacha.

Ijumaa, 15 Agosti

Tumbili amekuja. Amekizunguka kizimba. Amelivuta kufuli. Kisha amepitisha mkono kati ya nondo, amechota mtama, amekula. Amechota tena. Bila haraka.

Kichwa hakikupita. Mwili haukupita. Hakuvihitaji. Mwizi wa nyumba lazima aingie ndani, na Baba miaka yote anajenga kumzuia mtu anayetaka kuingia. Na mimi na vitabu vyangu sikuliona hilo. Nimejichukia.

Baba alisimama dirishani na kikombe cha chai. "Eish. Huyu haingii. Huyu anahudumiwa dirishani."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilishindwa kucheka. Haji alikuwa mlangoni kwake anaona yote. Alirudi ndani. Afadhali angefoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Swali ni moja tu. Mkono wake una urefu gani?

Nimechukua kipande cha bomba, nimekifunga kwa waya kwenye grili ya dirisha la Bibi, kwa nje, tumbili asiweze kukiinua. Waya safari hii nimeukaza kwa koleo ya Baba. Ndani nimeweka karanga. Akiitoa, naweka nyingine mbali zaidi, narudi nyuma ya pazia. Bibi upande wa huku wa kioo.

Mwisho tumbili alilala kifudifudi kwenye ukingo wa dirisha, mkono wote ndani ya bomba, shavu limebanwa kwenye chuma, macho juu mbinguni, kama mtu anayetafuta ufunguo ulioingia chini ya kabati.

Bibi akacheka. Kwa sauti. Mama alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko mkononi akidhani Bibi amezidiwa.

Tumbili alipoondoka nimeweka alama ya chaki kwenye bomba, pale mkono wake ulipokomea.

Jumatano, 20 Agosti

Nimeshinda karakana baada ya shule. Baba amekata kizimba chote na kuanza upya. Sasa ni kipana. Kikombe cha mtama kiko katikati kabisa, mbali na nondo pande zote, kuzidi ile alama ya chaki. Nondo zimekaribiana: jurawa anapita, mnana anapita, hua hapiti. Maua ameyaondoa. Amesema tumbili hana haja nayo.

Alinipa kinga ya macho nishike nondo wakati anachomelea. Katikati ya kazi akazima mashine.

"Bibi yako alicheka kweli?"

Nikasema ndiyo.

"Mimi mama yangu sijamsikia akicheka tangu siku naondoka Tanga."

Akawasha mashine. Nikaikaza nondo kwa mikono miwili.

Ijumaa, 22 Agosti

Tumbili amejaribu asubuhi. Mkono umeishia hewani. Amejaribu kutoka juu, kutoka chini, kwa mguu. Amekitikisa kwa hasira, zege likashika. Kisha amekaa juu ya kizimba na kutazama dirisha la Bibi.

Haji alipita na kreti la soda. "Sharp, msichana. Hapo umemweza."

Nilitaka kufurahi. Lakini Bibi hakucheka. Alipiga kioo kwa mkono wake ulio mzima. Kisha akaisukuma sahani yake ya muhogo kuelekea dirishani. Nikairudisha. Akaisukuma tena. Nikairudisha. Alinitazama kama mtu asiyenijua.

Nilidhani namjengea Bibi. Labda sikumtazama vizuri.

Jumatatu, 25 Agosti

Ndege hawaji. Wanaiogopa rangi mpya nyeusi ya kizimba, nadhani, au harufu yake. Tumbili amekuja mara moja, ameshika nondo, amekaa kidogo juu ya ukuta, ameondoka. Amekonda. Bibi amekula vijiko vichache.

Bomba bado liko kwenye grili ya dirisha. Nilisimama na karanga mkononi. Karanga moja tu ingemrudisha, na Bibi angecheka. Kesho tumbili angeleta njaa yake tena, ingefika dukani, na Haji bado ana pakiti yake ya sumu chini ya kaunta. Nimeiona mwenyewe.

Nilikata waya, nikaliondoa bomba. Karanga nimezila mimi, chungu nzima, kwa hasira. Tumbo linauma.

Alhamisi, 28 Agosti

Tumbili hajaonekana. Hakuna jurawa. Nimeisugua rangi kwa msasa upande mmoja, nikapaka udongo. Mwalimu aliniita darasani mara mbili sikusikia. Wenzangu walicheka. Sikujali, na hilo limenishangaza.

Jumapili, 31 Agosti

Jurawa amekuja. Alitua juu ya kizimba, akachungulia, akaingia. Kisha wengine. Hua wako chini wanaokota punje zinazomwagika. Haji amempa Baba kazi ya kuweka grili kwenye dirisha la duka. Nondo za karibu karibu, amesisitiza. Pakiti ya sumu haiko tena chini ya kaunta. Sikuuliza. Amenipa biskuti bila kunitazama.

Tumbili hayuko. Mama amesikia kwa jirani kwamba ameonekana juu kilimani, kwenye miti.

Jioni nimekaa na Bibi. Hakuwa akiwatazama jurawa. Alikuwa akiutazama ukuta alipokuwa akikaa tumbili. Nimemwambia yote niliyosoma: kwamba madume huondoka walikozaliwa, kwamba hupita peke yao mahali pasipo pao, kwamba wengi hupata kundi. Nilisema wengi. Kitabu hakisemi wote.

Alisikiliza. Midomo ilihangaika kwa muda mrefu. Nilisubiri, sikummalizia.

"Kala?"

Sijui kama amekula. Kilimani kuna matunda madogo ya mwituni, na utomvu wa miti ya mikakaya, na majira ya mvua hayako mbali.

"Kala, Bibi," nikasema.

Akaitika kwa kichwa. Nikamlisha uji wake, tukiwatazama jurawa wakiingia na kutoka.