Mtu wa Sinia

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imefika, marahaba mwanangu. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama yako keshapona homa, na mitende ya babu yako imezaa mwaka huu.

Unaniuliza kama ile filamu ya zamani ya majasusi wa Kizungu, inayowachekesha wenzako chuoni, na sisi ilituchekesha. Tuliiona hapa Ibra, Omani, kwa kanda ya vidio, wewe bado unanyonya. Tulicheka, sikufichi. Ila yule sheikh wa kwenye filamu nilimshuku mapema. Alimaliza kahawa akakiweka kikombe bila kukitikisa kuonyesha katosheka, kama desturi yetu, na mmiminaji asimwongeze. Mwarabu gani huyo? Mzungu kapakwa rangi.

Nyuma yake, kila aendako, alisimama mtu mweusi, kashika sinia, kimya. Babu yako akaninong'oneza, "Jasusi ni huyo. Mtu hawekwi kila mahala bure." Basi tukaacha kucheka, tukawa tunamchunga yeye tu. Akipepesa jicho, tunatazamana. Mimi nilikuwa nataka hasa kuisikia sauti yake, maana kwa sura alikuwa kaka yangu mtupu, yule aliyebaki Unguja.

Filamu ikaisha, sinia bado mkononi, neno hakusema. Babu yako akairudisha kanda nyuma, akidhani kuna kipande tumekiruka.

Hakikuwepo. Tangu siku ile mwenye sinia simshuku tena. Nawashuku waliomshikisha.

Nakuombea kheri huko uliko.

Bibi yako, Zuwena