Wimbo wa Mlango Wetu wa Kijani

Bukavu, Kadutu
Tarehe 14 Julai 2024

Mpendwa mdogo wangu Colombe,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimu wewe, shemeji Jean-de-Dieu na watoto wote hapo Sherbrooke. Goti lako linaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza ngazi, na mimi nikacheka, maana huku kwetu Kadutu mtu akikatazwa ngazi basi amekatazwa kutoka nyumbani.

Sisi tuko, Mungu anatushika. Kiangazi kimekauka kabisa, vumbi linaingia hadi kwenye sufuria zilizofunikwa. Papa Emmanuella alikohoa mwezi mzima, sasa amepata nafuu na ameanza tena kugombana na redio. Hiyo ndiyo dalili yake ya kupona, unamjua shemeji yako.

Utashangaa kupata karatasi wakati tuna WhatsApp. Nimeiogopa simu. Sauti ya mtu ikishaingia mule ndani, hujui itatokea kwenye masikio ya nani, na watoto wako nimewaona mara nyingi wakiishika simu yako kama ni yao. Barua hii anaibeba sista Agathe, anayekuja kwenye mkutano wa shirika lao. Nimemwomba akupe mkononi mwako, si kwa mwingine. Isome peke yako.

Kuna wimbo umetoka hapa, unaitwa "Jibu kwa Mugongo". Anayeuimba ni kijana mmoja, Akonkwa. Tangu Pasaka hupiti mtaa usiusikie: kwa wasusi, kwa wauza simu wa Nyawera, kwenye magari, hata watoto wa katekisimu wanauimba wakidhani padri hasikii. Mwanzoni na mimi niliupenda. Nilikuwa nautingishia kichwa nikifua, sijui kwamba natingishia matatizo yangu mwenyewe.

Jirani yangu wa hapo chini ndiye alinionyesha clip, video ya wimbo huo. Alinishikia simu mbele ya macho na kusema, "Maman Apolline, tazama muzuri. Iyi si porte yenu?" Nikatazama. Ulikuwa mlango wetu, Colombe. Ule wa kijani, na pale chini palipobonyea gari la papa yetu lilipouparamia. Akatoka msichana mwenye doa jeusi chini ya jicho la kushoto, anacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Mtu yeyote wa mtaa huu angeapa kwamba ameigizwa binti yangu Emmanuella. Na wimbo unasema huyo msichana alimpa kijana moyo wake wote, kisha siku wazee wa kijana walipokuja kuomba mkono, hawakumkuta.

Unajua kwamba Emmanuella amechumbiwa na Didier, yule fundi umeme wa Bagira. Dot, siku ya mahari, ilikuwa karibu, vitenge tumeshachagua. Clip haikumaliza wiki mbili, maman Marie-Louise, mama yake Didier, akaja. Aliketi kwenye ukingo wa kiti, chai hakuigusa.

"Mi sisemi kitu," alisema. "Lakini watu banasema, na mutoto yangu iko na heshima yake. Tungojee kwanza."

Tungojee nini, hakusema. Didier naye akaacha kuja. Simu akawa anapokea, lakini kama mtu anayeongea na benki.

Basi mdogo wangu, shaka iliniingia kama maji kwenye kiatu. Nikaanza kumchunguza mwanangu. Anaporudi kutoka kazini kwake pharmacie, kule kwenye dawa, namuuliza amepitia wapi. Akienda kuoga napekua mkoba wake, risiti nazinusa kana kwamba karatasi ina harufu ya mwanaume. Siku moja alinikuta na simu yake mkononi.

"Emmanuella, uyu kijana ulimujuaka wapi?"

"Maman, simujue. Sijamuonaka hata siku moja."

"Na porte yetu ilifika mule namna gani? Na ile doa?"

"Mi nitajua je? Mwenye aliimba njo ataulizwa." Akaichukua simu yake taratibu, akaingia chumbani. Hakupiga kelele. Ni ule utulivu wake ulionifanya nizidi kumshuku. Nilijiambia, mtu asiye na kosa angelia.

Lililonifungua masikio halikuwa akili yangu. Nilikuwa uani nachambua majani ya sombe, redio ya jirani inapiga wimbo uleule, na kwa mara ya kwanza nikausikiliza ubeti wa pili badala ya kuutazama. Anaimba hivi: "Ulinipa mukate kwa dirisha ya kuangalia ziwa, jibu ukanipa kwa mugongo."

Kisu kikanisimama mkononi. Nyumba hii ya wazazi wetu haina dirisha la kuangalia ziwa. Lilikuwepo, kwenye chumba chetu cha wasichana, na mimi na mume wangu tuliliziba kwa matofali tuliporudi kutoka Uvira, tulipojenga jiko upande ule. Wakati huo Emmanuella alikuwa tumboni. Hajawahi kuliona dirisha hilo. Na mimi, miaka ya mwisho lilipokuwa wazi, nilikuwa nimeshaolewa, sipo. Kwenye chumba kile alibaki msichana mmoja tu, naye alikuwa na doa la mama yetu chini ya jicho la kushoto.

Sikukuandikia papo hapo. Nilitaka kwanza kumwona huyo mwimbaji. Nikamtafuta hadi nikampata kule mtaa wa Nguba, kwenye chumba kidogo wanamorekodia, kuta zote zimebandikwa magodoro. Nilikwenda na maneno makali tayari mdomoni. Lakini kijana alisimama, akanipa kiti chake, akaniita maman.

"Maman, unisamehe juu ya porte. Tulikuya ku filmer siku ya Mungu, mulikuwa ku misa. Papa njo alinionyeshaka nyumba, njo aliniambiaka na ile doa."

"Papa yako anatujua je?"

"Ule wimbo si yangu, ni yake. Anaiimbaka akiwa anapiga randa, tangu niko mutoto. Miye niliongeza tu muziki."

Kisha akatabasamu, akaniuliza kama mimi ni ndugu wa Lucie wa Kanada. Nikamwuliza Lucie yupi. Akanionyesha simu. Alikuwa binti yako. Alikuwa ameutambua mlango wa bibi yake kwenye clip, akamwandikia, na tangu siku hiyo wanaandikiana asubuhi na jioni. Lucie amemwahidi kwamba atakuja Septemba kwa ajili ya dot ya binamu yake, nao wataonana. Kijana alisema hayo na tabasamu ambalo mama yeyote analijua. Siku ile mimi niliona ni jambo zuri. Hata nilimbariki.

Babake anaitwa Jean-Baptiste, seremala, anakaa Lwiro. Nilipanda gari kesho yake. Nilimkuta kwenye kibanda chake anachonga kitanda, mke wake akanikaribisha vizuri, akatuacha tuongee. Mwanaume mpole, mvi zimemjaa. Sikuhitaji kujieleza sana. Alinitazama tu akasema, "Weye ni dada yake."

Hakunificha chochote, Colombe. Alisema mlipendana, alikuwa anapita chini ya dirisha lile akitoka kazini nawe unampa mkate. Alisema mlikubaliana siku, akawaleta wazee wake na pombe ya ndizi, na papa yetu akawapokea mlangoni akisimama, akawaambia binti ameshapanda ndege kwenda kuolewa. Miaka yote hii amemlaumu papa. "Lakini sina hakika," akaniambia. "Pengine alienda kwa miguu yake. Kama kulikuwa kitu ingine, ni yeye anajua." Halafu akainamisha kichwa, akaendelea kupiga randa mahali palipokwisha kulainika.

Nilimweleza yaliyompata mwanangu kwa sababu ya wimbo wake. Alivua aproni. Hakungoja nimwombe. Alishuka nami Bukavu, tukaenda moja kwa moja Bagira kwa maman Marie-Louise, na pale sebuleni, mbele ya Didier na wajomba zake, akasema: "Bibi wa ule wimbo alikuwa wa wakati yetu. Uyu mutoto alikuwa bado kuzaliwa. Kama munatafuta mwenye kosa, muniulize miye." Jina lako hakulitaja. Walimuuliza mara mbili, akakataa mara mbili.

Maman Marie-Louise aliniletea chai kwa mikono yake. Didier alikuja kesho yake peke yake, wakakaa uani na Emmanuella tangu saa tisa hadi kuku waliporudi. Mimi nilikuwa jikoni, sikusikia vizuri, ingawa nilijaribu. Nilisikia tu Emmanuella anasema, "Wimbo ilikuambia kitu, na miye hukuniuliza." Kijana akalia. Wamepatana. Dot itakuwa Septemba, kama ilivyopangwa. Mimi pia nimemwomba mwanangu msamaha, akanisamehe kwa mdomo, lakini mkoba wake hauachi tena sebuleni.

Nilidhani yamekwisha hapo. Ila tangu Lwiro kuna kitu kinanikosesha raha, na ndicho kilichonipa kalamu mkononi.

Yule mzee ana nyusi zilizoungana katikati, kama ndege aliyekunjua mabawa. Akonkwa anazo vilevile. Juzi nilitoa ile picha ya Lucie uliyotuletea alipomaliza chuo. Niliiweka mezani, nikaifunika, nikaifunua tena. Shemeji Jean-de-Dieu hana nyusi hizo, na ukoo wetu hauna. Nikakumbuka pia kwamba Lucie alizaliwa mwaka ule ule ulipoondoka, na ukatuandikia kwamba amewahi, mtoto wa kabla ya muda. Mama alipoisoma barua ile aliikunja, hakuizungumzia tena.

Labda nimekuwa mwanamke wa kushuku kila kitu. Nilimshuku mwanangu mwenyewe, na nilikosea. Omba Mungu nikosee tena. Ukiniambia kwamba naota, nitapiga magoti na kukuomba radhi, na hatutalizungumza tena hadi kaburini. Lakini kama sioti, basi binti yako anamwandikia kaka yake kila siku maneno ambayo dada hamwandikii kaka, na hao wawili hawajui.

Sikuhukumu. Sijui kama papa alikufukuza au kama uliogopa mwenyewe, na umri ule mimi pia ningeogopa. Sijamwambia mtu: si mume wangu, si Emmanuella, si yule mzee. Shemeji ni mtu mwema, na wewe ndiye unayejua namna ya kuongea naye. Ila usimnunulie Lucie tiketi kabla ya kukaa naye chini. Ni afadhali alie hapo kwako, mlango umefungwa na mama yake yupo, kuliko alie hapa mbele ya wageni wa dot.

Nijibu kwa mkono wako, kupitia sista Agathe, atarudi mwisho wa Agosti. Neno moja linatosha.

Papa Emmanuella anakusalimu, na tantine Mélanie wa Nyantende, aliyekutumia maharage yaliyomo kwenye mfuko wa sista. Emmanuella anakubusu. Bikira Maria akufunike na vazi lake, akupe nguvu ya kufungua mdomo. Mbebe Lucie kifuani kwa niaba yangu, hata awe mtoto wa nani.

Dada yako akupendaye hata anapokuuliza,
Apolline