Bomba Dogo la Hewa

Jumatatu, 7 Agosti 1989

Nimepaka sabuni tena. Kipande kizima kimeisha tangu Ijumaa na bado tangi la petroli la gari linadondoka. Marehemu mume wangu Odhiambo ndiye aliyenifundisha: ukiona tangi linatoa jasho, sugua sabuni ya kufulia penye tundu, petroli haili sabuni. Lakini yeye alisugua mara moja kwa mwezi. Mimi nasugua asubuhi na jioni kama mtu anayepiga mswaki. Nyumba inanuka. Chai inanuka. Jirani yangu Mama Beatrice amehamishia jiko lake upande wa pili wa ua, na salamu amehama nazo.

Tangi lazima lishuke. Shule zimefungwa, sina kisingizio. Binti yetu Akinyi yuko Bunyore kwa mama yangu hadi shule zifunguliwe. Nitalishusha mwenyewe. Miaka kumi nilimshikia Odhiambo spana na tochi. Sikuwa nimefumba macho.

Jumanne, 8 Agosti

Ochola, kaka mkubwa wa Odhiambo, ametuma neno kutoka Asembo Bay. Atakuja Jumamosi ya wiki ijayo kuchukua gari. Wazee wameketi, wamesema gari la marehemu lirudi kwao, lisizeeke mjini na mjane. Mimi sikuitwa.

Nimekasirika. Gari tulinunua pamoja. Mshahara wangu wa ualimu umo ndani ya yale magurudumu. Kila Jumamosi naenda Ahero nachukua mchele, nauza kwa walimu wenzangu, na mchele huo ndio unaomweka Akinyi Form Two. Bila gari hakuna mchele. Bila mchele Akinyi atakaa nyumbani.

Lakini Odhiambo amelala kule. Miezi saba tu tangu tumzike. Nikigombana nao, kaburi lake nitalifikia kwa mlango upi? Mimi ni Mnyore niliyeolewa Uluo. Yeye hakujua Kinyore hata cha kusalimia, mimi nilijua Kidholuo cha sokoni. Tulielewana kwa Kiswahili nyumbani humu. Ndiyo maana hata hapa naandika hivi.

Nimemwambia aliyeleta neno kwamba nimesikia. Alinitazama sana. Mdomo wangu unajulikana hadi Asembo.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepata karatasi ya Odhiambo ndani ya kisanduku cha spana. Nyuma ya kalenda ya zamani, mwandiko wake uliolala upande. Toa waya wa betri. Nyonya petroli yote. Weka mawe kwenye magurudumu, usiamini jeki. Legeza mikanda ya chuma mwisho kabisa. Na chini, amepiga mistari miwili: BOMBA DOGO LA HEWA, USISAHAU. TANGI LINAPUMUA.

Nimeisoma nikalia. Kisha nikatoa waya wa betri.

Petroli nimeinyonya kwa mpira. Nimemeza funda. Koo linawaka hadi sasa na kila nikicheua nageuka kituo cha mafuta. Jerikani moja na nusu imetoka. Nimeificha bafuni na kufuli juu.

Ijumaa, 11 Agosti

Nati mbili zimekataa. Zimeota kutu zikawa kitu kimoja na bolti. Nimezimwagia mafuta ya taa nikaziacha. Nimelala chini ya gari mchana mzima, mchanga wote wa mtaa wetu wa Manyatta, Kisumu, uko kwenye nywele zangu. Wapita njia wanainama kuchungulia. Mmoja akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi ameenda kuoga, arudi kesho.

Mvua jioni. Sina utulivu. Nafagia nyumba iliyofagiwa.

Jumamosi, 12 Agosti

Limeshuka! Nati moja ilitoka, nyingine nimeikata kwa msumeno. Niliachia mikanda, tangi likanikalia tumboni, nikabaki pale chini nimelikumbatia kama mtoto wa mtu. Mama Beatrice ndiye aliyekuja kulivuta. Hatukusemezana mpaka likatoka. Kisha akacheka, nami nikacheka, yakaisha.

Tundu linatosha ncha ya kalamu. Kutu imekula pale pale penye sabuni.

Sasa wazo limenijia na haliondoki. Gari halina tangi. Gari lisilo na tangi haliendi Asembo. Naweza kulisukuma chini ya kitanda hata mwaka mzima. Nimeifurahia fikra hii siku nzima kama mwizi.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimepeleka tangi kwa Wafula, fundi wa kuchomelea, kwa mkokoteni. Nilimwambia alijaze maji kwanza hadi shingoni, abakize upenyo kidogo tu. Petroli ikiisha mvuke unabaki, na mvuke ndio unaoua. Akanicheka kwamba yeye amechomelea matangi tangu mimi nikiwa shule. Nikamwonyesha kovu la moto la mtu aliyekaa nyuma yake, anayemshikia vyuma. Akajaza maji.

Amechomelea vizuri. Nikamuuliza kama ni kweli gari bila tangi haliwezi kuondoka. Akasema, “Madam, kwani wewe unaonanga aje? Unaweka jerikani ndani ya gari, unaingiza mpira, unaunganisha na pampu. Inafika hata Busia.”

Basi. Wazo langu limekufa kwenye kibanda cha Wafula.

Jumatano, 16 Agosti

Tangi liko juani siku ya tatu. Nimetia kokoto na petroli kidogo ndani, nimelitikisa hadi mabega yanauma, kutu yote imetoka nyekundu kama chai ya rangi. Nimepaka povu la sabuni penye weldi, nimefunga matundu mengine, nimepuliza. Hakuna kiputo hata kimoja.

Tatizo ni Ochola. Anavuta sigara kama treni. Nikimwachia gari bila tangi ataweka jerikani ndani, awashe sigara, aungue pamoja na gari. Simpendi lakini simtakii hivyo. Nitarudisha tangi. Nalirudisha kwa ajili ya mtu anayekuja kuninyang'anya, na hilo linanichoma kuliko petroli ya Alhamisi.

Ijumaa, 18 Agosti

Tangi limerudi mahali pake. Jeki, matofali, Mama Beatrice upande mmoja na mimi upande mwingine. Nati mpya. Mpira mpya wa shingo. Waya wa geji. Nimerudisha petroli, nimewasha, imeitikia mara ya pili. Hakuna tone chini. Nilipaswa kufurahi.

Nilipoinama mara ya mwisho na tochi nikaliona bomba dogo la hewa. Mkanda wa chuma umelibana juu ya tangi, limekuwa bapa kama ukanda wa saa. Hewa haiwezi kupita. Kulitoa ni kulegeza nati moja tu, dakika tano.

Nimezima tochi. Nikasema nimechoka, nitalitoa kesho. Ni kweli nimechoka.

Jumamosi, 19 Agosti

Ochola alifika kabla ya saa moja. Alikataa chai. Aliketi nje kwenye kigoda, akatazama gari, akasema tu, “Shemeji, umeitunza.” Nikampa funguo.

Sikusema kitu kuhusu bomba. Nilisimama mlangoni na maneno yako mdomoni, yamejipanga kabisa, na sikuyatoa. Akaondoka. Nikasikiliza mlio hadi ukapotea kwenye kona.

Litatembea. Tangi litaanza kunyonya na hewa haingii, petroli itagoma kwenda mbele, injini itazima. Lakini baada ya umbali gani? Na mahali gani? Itakuwaje ikiwa ni mlimani na lori liko nyuma?

Nimeosha vyombo mara mbili.

Jumapili, 20 Agosti

Kanisani sikusikia neno. Mhubiri alitaja Kaini nikatoka nje, nikajifanya nakohoa. Hakuna habari. Nimewauliza wanawake watatu wanaotoka njia ya Asembo na samaki kama wameona ajali. Hawajaona. Mmoja akaniuliza kwa nini nauliza. Mimi ni mtu mbaya. Nimeliandika hapa kwa mkono wangu, nimejiona, na bado gari nalitaka.

Jumanne, 22 Agosti

Nitajaribu kuandika yote.

Ochola amekuja asubuhi kwa miguu kutoka stendi. Macho mekundu, hajanyoa. Gari lilizima Kisian, njiani kwenda Asembo. Akangoja, likawaka, likaenda kidogo, likazima tena. Mara tatu. Fundi wa pale alifungua kabureta, akaifunga, hakuona ugonjwa. Wameliacha kwenye ua wa kinu cha unga.

Halafu akasema, polepole, “Shemeji, huyu mtu amekataa. Owadwa odagi. Ndugu yangu hataki niipeleke gari yake nyumbani.”

Nilikuwa tayari kucheka. Kisha nikaona analia. Mtu mzima wa Asembo, mwenye sauti ya kuita mitumbwi, analia kwenye kigoda changu. Walikuwa wamegombana, yeye na Odhiambo, kwa sababu ya ua wa mpaka wa mashamba yao. Mwaka mzima hawakusemezana. Hata hospitalini hakufika. Alikuja kuchukua maiti tu. Nilikuwa najua ugomvi. Sikujua kwamba anaubeba bado. “Hata akiwa amekufa anakataa kukaa na mimi kwa gari moja,” akasema. “Chukua gari yako. Mimi siiguzi tena.”

Gari yangu! Amelitamka mwenyewe, na mbele ya Mama Beatrice, shahidi. Nilichopaswa kufanya ni kunyamaza tu. Nimenyamaza hadi Kisian. Tumeenda pamoja.

Niliwasha, likaitikia. Nikageuza kuelekea Kisumu, Ochola kando yangu ameshika magoti. Tulipokaribia Otonglo likaanza kukohoa, likazima. Ochola akafunika uso. “Unaona? Hata wewe anakukatalia.”

Sikuweza. Kumwachia mtu gari linaloharibika ni kitu kimoja. Kumwachia chuki ya ndugu yake aliyekufa, ambayo haipo, aende nayo kaburini, ni kingine. Nikashuka. Nikamwita aje asikilize. Nikafungua kifuniko cha tangi, likavuta pumzi, fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezama aliyetoka majini. Nikaingia chini na gauni langu la kwenda mjini, nikalegeza nati, nikavuta bomba likaachia. Nikamwonyesha lilivyopondeka.

Nikamwambia kila kitu. Kwamba Odhiambo hakukataa. Kwamba ni bomba. Kwamba niliona Ijumaa, na Jumamosi nikampa funguo na kunyamaza kwa sababu sikutaka aende na gari. Nikangoja anitukane. Nilikuwa nimestahili.

Alilishika lile bomba muda mrefu. Akalipuliza, hewa ikapita. Akatazama ziwa lile upande wa kulia. Kisha akasema, “Shemeji, miaka kumi na tano nakujua. Wewe hunyamazangi. Hata kwa matanga ya baba ulituambia vile tumechimba kaburi vibaya. Sasa hiyo Jumamosi, ni nani alikushika mdomo?”

Nikapangusa mchanga kwenye gauni.

Akacheka, machozi bado yako. Ni kicheko cha Odhiambo, kile kile, sikuwahi kugundua. Akasema kumbe ndugu yake hakumkataa yeye, amekataa gari liondoke likamkoseshe Akinyi shule, na hiyo ni kesi nyingine, ndogo. Kwa wazee atasema mwenyewe kwamba gari linabaki kwangu. Nikamwambia ni bomba, Ochola, bomba. Akasema ndiyo, bomba. Akaingia garini.

Krismasi niende Asembo na Akinyi, nikiendesha mwenyewe. Ameniomba. Ataweka maua kaburini kabla hatujafika, amesema, aanze yeye kuzungumza naye.

Jumamosi, 26 Agosti

Ahero. Barabara imekauka. Magunia mawili ya mchele, mazuri, hayana mawe. Gari halijakohoa kwenda wala kurudi.

Kabla ya kuwasha asubuhi niliinama nikapitisha kidole juu ya tangi. Bomba liko huru. Nimemwambia Odhiambo asante, kwa sauti, na Mama Beatrice amesikia.