Stata ya Mkunga Haijafa

Jumatano, tarehe 8 Mei

Shangazi Mshauri mpendwa,

Naahidi kukueleza yote, hata yanayonitia aibu, kwa sababu nikikupa nusu ya habari nitapata nusu ya ushauri.

Baba yangu ni fundi wa pikipiki na gereji yake iko ubavuni mwa nyumba yetu, nami nikitoka shule humsaidia kusafisha vipuri, na wiki iliyopita alimaliza kutengeneza injini ya pikipiki ya mkunga wetu, akaiweka juu ya tairi kuukuu ili aijaribu kabla ya kuirudisha kwenye fremu, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya. Betri aliiacha palepale kwenye pikipiki, waya wake mweusi ukiwa umefungwa kwenye fremu kama kawaida, akavuta waya mwekundu hadi kwenye stata, ile mota ndogo ya kuwashia injini, akabonyeza swichi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Nani aliisafisha hii stata?"

"Mimi, Baba."

"Kwa maji?"

"Kwa brashi na petroli kidogo, kama ulivyonionyesha."

"Basi umeiua, mama. Hongera."

Mkunga alikuwapo, akacheka. "Fundi, mwache mwenzio. Mimi wangu wakizaliwa kimya nawapiga kofi kidogo, wanalia."

Baba hakucheka. Alimwambia mkunga atafute stata nyingine, kisha akanigeukia: "Na wewe, kuanzia leo gereji uione kwa mbali." Sasa mkunga anakwenda kwa miguu kuzalisha.

Shangazi, sikuiona kwa mbali. Jana Baba alipokwenda kunywa chai niliingia, nikaitazama ile injini, nikakumbuka maneno yake mwenyewe kwamba umeme ukitoka kwenye betri lazima upate njia ya kurudi, na injini ikiwa ndani ya pikipiki umeme hurudi kupitia fremu, lakini hii ilikuwa imekaa juu ya mpira, haigusi fremu popote, basi nikatafuta waya mwingine, nikaunganisha upande hasi wa betri na injini, nikabonyeza, na ikazunguka, Shangazi, ikazunguka hadi ikaruka na kukaa ukingoni mwa tairi! Nikatoa waya, nikaisukuma injini irudi mahali pake, nikakimbia, sijui kwa hofu au kwa furaha.

Nikisema, nitakuwa nimekiri kuvunja amri, na Baba ataona haya. Nikinyamaza, stata isiyo na kasoro itatupwa, na mimi sitakanyaga tena gereji, nami natamani siku moja niwe fundi kama yeye. Mkunga analeta stata mpya Jumamosi ya wiki ijayo. Nimwambieje Baba bila kumvunjia heshima?

Binti wa Fundi

*

Binti wa Fundi,

Kwanza nikugombeze. Injini ambayo haijafungwa popote, na wewe uko peke yako! Ingekuangukia mguuni, nani angekusikia? Usirudie. Na amri uliivunja, hilo usilipambe.

Haya, yamekwisha. Baba yako si kwamba hajui; mikono yake imezoea injini iliyo ndani ya fremu. Mimi nilipohamia nyumba hii nilipapasa swichi ya taa upande usio wake mwezi mzima.

Usingoje Jumamosi, wala usimwambie mbele ya mkunga. Kesho asubuhi akifungua gereji, simama mlangoni. Mlangoni, nimesema, usiingie. Mwamkie, kisha useme: "Baba, niliingia humu ulipokuwa hupo. Nisamehe." Akimaliza kufoka, mnyoshee ule waya, umuulize swali moja tu: "Injini ikiwa juu ya tairi, umeme unarudi kupitia wapi?"

Halafu nyamaza. Mwache aifunge injini vizuri, aunganishe mwenyewe, abonyeze mwenyewe. Akicheka, cheka naye. Akinuna, mpe muda wa chai moja. Habari ya kumpelekea mkunga ni yake, si yako.

Na akikuuliza nani alikufundisha hayo, usijivune hata kidogo. Mjibu kweli tupu: "Ni wewe, Baba."

Sidhani kama atakuacha mlangoni.

Shangazi Mshauri